Makosa yanayostahili hasira yetu

"Watu watano waliweza kufariki dunia papo hapo, na wengine kumi na mmoja waliweza kujeruhiwa." Sentensi za namna hii husikika redioni mabasi yanapopinduka, iwe ni Mbeya au Machakos, na wengi wetu tumezizoea hata hatushtuki tena. Lakini tuzisikilize. Kuweza ni kuwa na nguvu au nafasi ya kutenda jambo. Mtoto aliyekuwa akitambaa akisimama kwa mara ya kwanza, mama yake husema ameweza. Mwanafunzi akiimaliza hesabu iliyomsumbua wiki nzima, ameweza. Aliyekufa ndani ya basi hakuweza kitu. Jambo limemfika, na limemfika kwa sababu ya mwendo wa dereva, au breki zilizokwisha, au kona isiyo na alama. Kitenzi hicho kimoja kinamvika marehemu utendaji ambao hakuwa nao, kana kwamba kufa ni jambo alilolikusudia, na papo hapo kinamtoa kwenye sentensi yule aliyetenda.

Ninaanza na kosa hili kwa sababu, kati ya yote yanayotukera katika Kiswahili cha kila siku, hili ndilo linaloonyesha waziwazi zaidi jambo ninalotaka kulitetea. Makosa ya lugha hayana uzito mmoja. Yapo yanayokwaruza sikio tu, na yapo yanayofuta tofauti ambayo watu wanaihitaji ili waelewe mambo yao wenyewe. Na haya mazito, ukiyafuatilia hadi chimbuko lake, hayatoki kijiweni wala sokoni. Yanatoka kwenye vipaza sauti, kwenye taarifa za ofisi, kwenye meza za wahariri. Sisi tunaopenda kusahihisha tumekuwa tukimwandama mwenye kosa jepesi kwa sababu yuko karibu na hana cheo, na kumpisha mwenye kosa zito kwa sababu amevaa suti na anasoma karatasi iliyopigwa muhuri.

Anayechekwa kuliko wote ni msemaji wa bara anayechanganya r na l. Lugha nyingi za Kibantu hazizitenganishi sauti hizo mbili, na mtu aliyelelewa katika lugha kama hiyo atasema "mahari" akikusudia "mahali", na "kupiga kula" akikusudia "kupiga kura". Katika maandishi kosa hilo lirekebishwe, ndiyo kazi ya shule. Katika mazungumzo, anayemsikiliza haelekei kupotea, kwa kuwa sentensi nzima inamwongoza. Na mtu aliyetoka katika lugha ya mama yake akajifunza ya pili ili azungumze na jirani amefanya jambo la heshima. Wakenya nao hubebeshwa ule mzaha wa zamani kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja, kikakulia Tanganyika, kikafia Kenya. Mzaha huo ni uongo wa kihistoria. Muyaka bin Haji alitunga mashairi yake Mombasa, na Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi katika visiwa vya Lamu, katikati ya karne ya 19, wakati neno "sanifu" halijawekwa mbele ya Kiswahili na mtu yeyote. Usanifu wenyewe ni uamuzi wa juzi: mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Ni uamuzi uliotufaa, na sitaki ufutwe. Lakini anayesema "mato" kwa macho na "nti" kwa nchi hajakosea. Anazungumza lugha ambayo haikuchaguliwa siku ile.

Kwa hiyo kipimo changu si umri wa neno, wala asili yake, wala sauti yake. Nauliza swali moja: likikubaliwa hili, tutapoteza uwezo wa kusema nini? Ukikishika kipimo hiki, hata zile ngeli wanazozichukia wanafunzi zinaanza kuonyesha kazi yake. "Ndege huyu ameanguka" na "ndege hii imeanguka" ni habari mbili tofauti kabisa, na kinachozitenganisha ni upatanisho wa ngeli tu. "Paa huyu" yuko porini. "Paa hili" linavuja. Jikoni, "mbuzi amepotea" inawatoa watu nje kumtafuta, na "mbuzi imepotea" inamfanya mpishi aangalie chini ya meza, maana nazi haijakunwa. Vivyo hivyo "wimbo" na "nyimbo". Msanii anayetangaza kwamba "nyimbo yangu mpya imetoka" ameuvunja ukuta kati ya umoja na wingi, na kwa kuwa anasikilizwa na mamilioni, wanaomfuata hawataujua ukuta huo ulikuwa wapi. Kosa la wastani hilo, ila la kweli. Zito zaidi ni kuchanganya "hakujibu" na "hajajibu". Kiswahili kina kiambishi -ja- kinachosema kwamba jambo halijatukia na mlango bado uko wazi. Mwandishi akiandika kwamba mkurugenzi "hakujibu" maswali ilhali alimpa hadi kesho, amemfungia mtu mlango ambao haujafungwa. Na akiandika "hajajibu" juu ya aliyekataa katakata, amemwachia upenyo asiostahili.

Nikiri pia kwamba kipimo hiki kinanilazimisha kuacha vita kadhaa. Tofauti ya zamani kati ya -nge- na -ngali-, ya jambo ambalo bado laweza kuwa na jambo ambalo wakati wake umepita, imekaribia kutoweka katika midomo ya wengi. Inanisikitisha, maana ilikuwa tofauti kati ya tumaini na majuto. Hata hivyo wasemaji wameliziba pengo kwa njia nyingine: "ningejua jana" inaeleweka, neno "jana" limebeba mzigo. Kuhusu "swala la elimu" badala ya "suala la elimu", swala ni mnyama na suala ni jambo la kujadiliwa, na mhariri asahihishe bila kelele, kwa kuwa ile "la" imeshamwambia msomaji kwamba hatuzungumzii mnyama. "Ndio" na "ndiyo" yako katika kundi hilohilo.

Na kuhusu "masaa", nasimama upande wa wanaokosolewa. Tunafundishwa kwamba saa iko katika ngeli ambayo umoja na wingi ni sawa, basi "masaa mawili" ni kosa. Sasa chukua sentensi "nilimsubiri saa mbili". Alimsubiri kwa muda gani? Au alimsubiri wakati gani, saa mbili ya asubuhi? Umma, bila kamati wala warsha, ulihitaji namna ya kutenga saa inayoonyeshwa na mshale na saa zinazopita, ukaipata: "saa mbili" ni wakati, "masaa mawili" ni muda. Mwalimu anaona kosa la ngeli. Mimi naona watu wameongeza chumba katika nyumba. Kiswahili kimekuwa kikifanya hivyo tangu zamani. Neno "kitabu" lilipokuja kutoka Kiarabu, silabi yake ya kwanza haikuwa kiambishi cha chochote. Ilikuwa sehemu ya shina. Waswahili wakaisikia kama ki- ya kiti na kisu, wakaunda "vitabu". Mjuzi wa Kiarabu wa siku zile angeweza kukasirika. Leo hakuna namna nyingine sahihi ya kusema. Mafundi na madereva walifanya hilohilo walipochukua maneno mawili ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye mzunguko wa barabara wakatupatia "kipilefti" na "vipilefti". Hata lugha za makabila, ambazo tunazilaumu kwa kuharibu matamshi, zimetuletea tofauti tusizokuwa nazo. Mwalimu Nyerere alipoacha urais mwaka 1985, neno lililoenea lilikuwa kung'atuka, la Kizanaki. Tulikuwa na kustaafu, tulikuwa na kujiuzulu. Hatukuwa na neno la kiongozi anayeinuka kwenye kiti kwa hiari yake ili mwingine akae. Sasa tunalo, na kwa kuwa tunalo, tunaweza kumuuliza kila kiongozi kwa nini yeye hang'atuki.

Hayo ndiyo mabadiliko ya kuyashukuru. Yaweke kando ya neno "zoezi". Kwa maana yake ya asili, zoezi ni kazi ya kujifunzia: mwalimu huandika zoezi ubaoni, wachezaji hufanya mazoezi kabla ya mechi. Katika zoezi, kukosea si hasara, unafuta, unarudia. Kisha Kiingereza, ambacho hutumia neno moja kwa zoezi la darasani na kwa shughuli rasmi ya serikali, kikapita mikononi mwa watafsiri wenye haraka, na leo kila jambo ni zoezi. Zoezi la uandikishaji wa wapiga kura. Zoezi la kuhesabu kura. Zoezi la uokoaji. Zoezi la kubomoa nyumba zilizo katika hifadhi ya barabara. Kisarufi neno hilo halifanyi kazi yoyote hapo, kwa kuwa "uandikishaji", "uokoaji" na "ubomoaji" zimeshakamilika zenyewe. Linachofanya ni kubadilisha hali ya hewa ya sentensi. Kura zikihesabiwa, zimehesabiwa. Nyumba ikivunjwa, familia imelala nje. Kuyaita haya mazoezi ni kuyapaka wepesi wa jambo linaloweza kurudiwa kesho. Simtuhumu kila msemaji wa mkoa kwamba anakusudia hivyo, na wengi wao wanalisema kwa sababu waliowatangulia walilisema. Ila nyumba ya mtu si ubao wa darasani, na lugha yetu ina maneno kazi, shughuli, operesheni na hatua, kila moja na uzito wake.

"Changamoto" nalo lina historia ya kusikitisha zaidi, kwa sababu ni neno zuri. Lina undugu na kuchangamka. Lilikuwa la kumwambia kijana kwamba jambo gumu lililo mbele yake litamwamsha, litamfanya ajipime. Leo limemeza ukoo mzima wa maneno. Hospitali ina changamoto ya dawa, shule ina changamoto ya madawati, halmashauri ina changamoto ya mapato, mradi wa maji umepata changamoto ya fedha. Tazama tulichokuwa nacho kabla halijavimba: uhaba, upungufu, kasoro, dosari, hitilafu, kikwazo, mgogoro, uzembe, ubadhirifu. Kila mojawapo linazaa swali lake. Ukisema uhaba, nitakuuliza zimepungua ngapi. Ukisema hitilafu, nitauliza fundi ameitwa lini. Ukisema uzembe, nitauliza wa nani. Ukisema ubadhirifu, nitauliza fedha ziko wapi na nani alizitia sahihi. Ukisema changamoto, nibaki na swali gani? Neno limekuja likiwa limejijibu: changamoto ni za kawaida, kila mtu anazo, tunazifanyia kazi. Mwanakijiji ambaye bomba lake limekauka miezi sita anasimama mkutanoni na kusema "tuna changamoto ya maji", kwa sababu ndilo neno alilofundishwa kuwa la adabu, na amekwisha kumsamehe aliyekula fedha za pampu kabla hajalijua jina lake.

Ndiyo maana nasema hasira yetu ipande ngazi. Msamiati wa aina hii haukuanzia kwa mwanakijiji. Haukuanzia kwa dereva wa bodaboda, ambaye akipata pancha husema amepata pancha. Ulishuka kutoka juu, kwenye ripoti zilizoandikwa kwa Kiingereza kwanza na kusomwa kwa Kiswahili baadaye, na ukishuka unakuja na familia yake. Chukua "kupelekea". Kumpelekea mtu ni kumfikishia kitu: nimempelekea bibi sukari. Sasa mvua zimepelekea mafuriko, mafuriko yamepelekea vifo. Tuna kusababisha, tuna kuleta, tuna kuzaa, tuna kuchochea, tuna kuchangia. Na kati ya kusababisha na kuchangia kuna umbali ambao wakili hulipwa kuupima. Au chukua "kufuatia". "Kufuatia mvua kubwa zilizonyesha juzi, daraja limevunjika." Limevunjika baada ya mvua, au kwa sababu ya mvua? "Baada ya" na "kwa sababu ya" ni madai mawili, na la pili lina wajibu wa kuthibitishwa. Daraja linaweza kuvunjika baada ya mvua kwa sababu nondo zilikuwa nyembamba na saruji ilipunjwa. Anayeandika "kufuatia" hajasema mvua ndiyo iliyolivunja, wala hajasema siyo. Amemwacha msomaji aelekee mwenyewe kwenye jibu linalomfaa mkandarasi. Na kuna "tunakwenda kujenga", ile ya majukwaani. Kiswahili kina -ta-, kiambishi cha ahadi: tutajenga kituo cha afya. Anayesema "tutajenga" amejifunga, na mwaka ujao ataulizwa. "Tunakwenda kujenga" ina sauti ya safari iliyokwisha kuanza, ya mtu aliyeshika nyundo njiani, na wasikilizaji hupiga makofi kana kwamba msingi umechimbwa.

Lakini neno linaloniumiza kupita yote ni "wahanga". Mhanga ni kafara. Kujitoa mhanga ni kujitoa mwenyewe, kwa hiari, kwa ajili ya jambo unaloliona kubwa kuliko uhai wako. Magazeti yamelifanya kuwa jina la kila aliyepatwa na maafa: wahanga wa mafuriko, wahanga wa moto, wahanga wa ajali ya meli. Waliozama hawakujitoa. Walikuwa wakirudi nyumbani. Maneno yanayowafaa tunayo: waathirika, au waathiriwa kama wasemavyo wengi wa Kenya, kwa wote waliodhurika, manusura kwa waliotoka hai, marehemu kwa waliokufa. Sasa ongeza jambo moja. Kwa miaka mingi vyombo vyetu vya habari vimekuwa vikimwita anayejilipua katikati ya watu "mshambuliaji wa kujitoa mhanga". Matokeo yake ni kwamba katika taarifa moja, ya dakika moja, aliyejifunga bomu anajitoa mhanga, na mama aliyekuwa sokoni akinunua nyanya anakuwa mhanga wake. Muuaji na aliyeuawa wamepewa neno moja, na kwa maana yake ya zamani neno hilo ni la kumtukuza. Sijui tofauti gani nyingine katika lugha ya binadamu inayostahili kulindwa zaidi ya hii.

Kuna nyingine inayoikaribia. Kiswahili kina ngazi iliyopangwa vizuri kwa mtu anayeingia mikononi mwa dola. Akidhaniwa, ni mtuhumiwa au mshukiwa. Akifikishwa mahakamani, ni mshtakiwa. Akiwekwa ndani kesi ikiendelea, ni mahabusu. Akipatikana na hatia na kupewa kifungo, ndipo anakuwa mfungwa. Kila neno lina haki zake nyuma yake. Katiba ya Tanzania, ibara ya 13, inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 50, inasema hivyo kwa maneno yake. Halafu tunasoma kichwa cha habari: "Polisi wawaua majambazi watatu." Nani amethibitisha kwamba walikuwa majambazi? Wamekufa, hawatashtakiwa, hawatajitetea. Neno la mwandishi ndilo hukumu pekee watakayoipata. Mtu anayemcheka muuza mitumba kwa kusema "watu hizi" na kupita kimya juu ya kichwa hicho cha habari ameyapanga makosa kinyumenyume.

Najua watakaonijibu. Wa kwanza watasema lugha ni mto, haizuiliki, na kwamba kila kizazi cha wazee kimelalamika. Nimekwisha kusema kwamba nakubaliana nao kuhusu kitabu na masaa, na nitakubaliana nao kuhusu mengi ambayo vijana wa Nairobi na Dar es Salaam wanayabuni usiku huu. Ila mfano wa mto hautoshi. Maneno kama zoezi na kupelekea hayakukua kutokana na haja ya wasemaji. Yalisambazwa na wachache wenye redio, televisheni na mialiko ya semina, na kilichosambazwa na wachache kinaweza kurekebishwa na wachache. Wengine wataniambia nifungue kamusi, kwamba baadhi ya matumizi haya yameanza kuingizwa humo. Kamusi ni daftari la matumizi. Tangu toleo la kwanza la Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, wanakamusi wamekuwa wakitusikiliza tunavyosema na kuandika, na kazi yao ni njema. Lakini neno kuorodheshwa humo hakuondoi swali la kama lilitufaa hapa na leo.

Jibu zito zaidi ni lile linalosema kwamba watu wanaelewana. Msikilizaji wa redio anajua kwamba walioweza kufariki wamekufa, anajua zoezi la kubomoa si masihara, muktadha unamsaidia. Ni kweli, anaelewa kilichotokea. Asichopewa ni nafasi ya kuuliza kilichofuata. Mtu anaweza kuelewa sentensi na bado akanyimwa kitu nayo. Yanayoitwa makosa, ya r na l, ya "masaa", ya "mato", hayamnyimi msikilizaji chochote: anajua nani, wapi, lini. Makosa ya taarifa rasmi humwachia habari na kumwondolea mtendaji, sababu, kiasi na ahadi. Na ukipoteza hivyo kila asubuhi kwa miaka ishirini, hutajua kwamba ulikuwa navyo.

Na waandishi wenyewe watasema, kwa haki, kwamba hawana muda. Taarifa inatoka ofisini ikiwa imekwisha kuandikwa hivyo, au inakuja kwa Kiingereza kutoka shirika la habari la nje saa kumi na mbili kasoro robo, na matangazo ni saa kumi na mbili kamili. Anayetafsiri ni kijana mmoja, mara nyingi asiyelipwa vizuri, na hakuna msanifu wa lugha karibu naye. Simlaumu. Nawalaumu wanaoendesha vyombo hivyo bila kumpa ukurasa mmoja wenye maneno ishirini ya kuepukwa na yale ya kuyaweka badala yake, karatasi ambayo Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, na lile la Zanzibar, yanaweza kusaidia kuiandika. Nchi iliyoweza kuunda istilahi za fizikia kwa Kiswahili haishindwi kukumbusha kwamba "kufuatia" si "kwa sababu ya".

Haraka ya jambo hili imeongezeka kwa sababu moja kubwa. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni haki iliyochelewa, na nimeifurahia kwa moyo wote. Tangu hapo, tofauti ambazo gazetini zilionekana kuwa za kuwapendeza walimu zimekuwa za mkate na kifungo. Mdai na mdaiwa: viambishi vinavyotofautisha anayelipwa na anayelipa. Mpangaji na mpangishaji. Mthamini na mdhamini: wa kwanza hutembelea kiwanja na kusema kina thamani gani, wa pili huweka sahihi kwamba mkopaji akishindwa yeye atalipa. Wengi wetu huyatamka mawili hayo karibu sawa, na hakuna ubaya mezani. Katika mkataba, herufi mbili zikipishana, mtu anaweza kuuzwa nyumba yake kwa mkopo ambao hakuuchukua.

Na kuna "aidha". Neno hilo lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya vilevile, zaidi ya hayo. Ndivyo linavyotumika mtu anapoongeza hoja ya pili juu ya ya kwanza. Lakini neno la Kiingereza la kuchagulisha, linalotamkwa karibu sawa nalo, limeingia kimyakimya katika ganda lake, na sasa wasomi wengi husema "aidha uje aidha usije" wakimaanisha "ama". Neno moja sasa linajumlisha na linachagulisha. Liandike katika kifungu cha adhabu: mtu atakayetiwa hatiani atatozwa faini, aidha atatumikia kifungo cha miezi sita. Hakimu aliyelelewa na walimu wa zamani atasoma kwamba ni vyote viwili. Hakimu kijana atasoma kwamba ni kimojawapo. Wote wawili wanaijua lugha. Mshtakiwa aliyesimama kizimbani, ambaye kwa mara ya kwanza anasomewa sheria kwa maneno anayoyafahamu tangu utotoni, anamtazama mmoja wao asikie kama atalala nyumbani kwake usiku huo.